Bikoni ya Mama na Shamba la Nabothi

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Jumatatu nilidamka saa kumi alfajiri, nikapanda mwendokasi ya kwanza Kimara kuwahi shauri letu na jirani, la kiwanja alichotuachia marehemu mama. Shauri hili tulilianzia baraza la kata, ambalo tangu 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu. Jirani hakutokea, tukapelekwa juu, baraza la ardhi la wilaya. Jumatatu hiyo, saa nne, karani akatoka, akaita majina yetu, akasema shauri limeahirishwa, mwenyekiti ana udhuru. Hii ni mara ya saba. Nilikaa kwenye benchi nikalia kama mtoto. Akilini niliiona ile bikoni, alama ya mpaka wa kiwanja, mama aliyoipaka rangi nyekundu kwa mkono wake. Mwaka juzi niliikuta imeng'olewa, imetupwa kwenye migomba ya jirani, rangi bado ipo.

Usiku nikafungua habari za Nabothi, 1 Wafalme 21. Sote tunaijua: mfalme Ahabu alilitaka shamba la mizabibu la Nabothi, Nabothi akakataa, malkia Yezebeli akafanya asingiziwe na kuuawa, Ahabu akalichukua, na nabii Eliya akamtangazia mabaya juu ya nyumba yake. Lakini safari hii nilihesabu miaka. Ahabu alipovaa gunia na kujinyenyekeza, Mungu mwenyewe aliahirisha mabaya yale hadi siku za mwanawe. Ahabu akafa vitani. Akatawala mwanawe Ahazia miaka 2, akafuata Yoramu, mwana mwingine wa Ahabu, miaka 12. Ndipo Yehu, jemadari wa jeshi, akamuua Yoramu, akaagiza mwili wake utupwe katika shamba lilelile la Nabothi, kwa kuwa alikumbuka neno alilolisikia siku alipokuwa amepanda nyuma ya Ahabu.

Sheria yetu humpa mtu miaka 12 kudai ardhi yake, ikipita hiyo madai yamekufa. Ya Nabothi ilikuwa imeshapita. Mwenyewe alikuwa kaburini, na wanawe waliuawa pia. Hakubaki hata mmoja wa kufuatilia faili. Mungu akalifuatilia.

Nilitaka kuishia hapo, nimefarijika. Lakini lile gunia la Ahabu halikuniacha nilale. Petro anasema Bwana hakawii, anavumilia, hapendi mtu yeyote apotee. Basi hii miaka ninayoilalamikia, jirani yangu amepewa atubu. Na mimi nimepewa miaka ya nini?

Ikanijia sura ya binti aliyenisaidia kazi za nyumbani 2022. Alivunja televisheni wakati anafuta vumbi. Nikamrudisha kwao Singida na nauli tu, mishahara ya miezi miwili, shilingi 160,000, nikaikata. Alisimama mlangoni na begi lake, akasema, "Haya mama, Mungu anajua." Nikaona ana kiburi. Wapendwa, yule mtoto alikuwa anafungua shauri, na mimi sikujua kuwa nimeshtakiwa.

Ndugu zangu, tuambiane ukweli. Tunakesha tukimlilia Mungu wa haki, na nyumbani fundi aliyetupigia lipu tunamzungusha: njoo mwisho wa mwezi, njoo wiki ijayo. Mama lishe tunamkopa hadi mtaji unakatika, kisha tunapita njia nyingine. Yakobo anasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na kilio kimeingia masikioni mwa Bwana wa majeshi. Kilio kile kinaingia katika masikio yaleyale tunayoyaomba yatusikilize! Torati haikutoa hata siku moja: ujira wa kibarua usilale kwako hadi asubuhi. Kama unadaiwa, usisubiri Jumapili. Uza kitu, kopa, anza hata na nusu, lakini mtafute.

Jumanne nilipiga namba ya mama yake. Nilijitambulisha, akanyamaza kwa muda, kisha akasema binti yuko shambani, atarudi jioni. Nikapiga tena saa mbili usiku. Nilimwomba msamaha, nikamtumia fedha yote kwa simu. Alijibu, "Imefika mama." Basi. Sijui kama amenisamehe, na sikuona nina haki ya kumuuliza.

Shauri letu limepangwa tena mwezi ujao. Mniombee, na jirani yangu mumwombee pia.