Kilo Thelathini na Tatu

Juzi usiku nilikuwa sakafuni sebuleni nikifunga sanduku la safari, mwanangu kashika ile mizani ndogo ya kuning'inizia. Nikaliinua sanduku kwa mkono mmoja, nikamwambia, "Ishirini na nne na kidogo." Akalining'iniza. Mizani ikasoma 24.2. Akanikodolea macho.

"Baba, umejuaje?"

Sikumjibu pale pale. Mkono ulikuwa umeshanirudisha Knockhill, kwenye njia ya mbio za magari.

Msimu wa 2018, nilipofanya kazi kwenye timu ya mbio za magari Uingereza, nimeshautaja mara nyingi hapa, lakini siku zote nimekuwa nikisimulia safari ya njia za mbio: Brands Hatch mwezi wa nne, Thruxton yenye kasi ya kutafuna tairi, Rockingham ambayo hatukujua kuwa tunaiaga, kisha Brands Hatch tena mwishoni mwa Septemba. Wikendi kumi, mbio tatu kila Jumapili, jumla 30. Kazi yenyewe sijawahi kuisimulia. Nilianza kwa kuosha rimu chini ya mzee wa tairi. Katikati ya msimu bosi akanipa kazi ya mzigo, na mshahara wa mwezi badala ya malipo ya siku. Siku hiyo hiyo nilipiga simu nyumbani kuwaambia.

Miaka ile, kwenye ubingwa wa magari ya turingi wa Uingereza, yaani magari ya umbo la kawaida yaliyotengenezwa kwa mbio, aliyefanya vizuri alibebeshwa mzigo, tena mzigo wa kweli, wa vyuma. Anayeongoza msimamo aliingia wikendi na kilo 75 za ziada, wa pili pungufu kidogo, hivyo hivyo mpaka wa kumi. Mbio ya kwanza ikiisha, hesabu inaanza upya: kumi bora wa mbio hiyo ndio wanaobebeshwa kwenye ya pili, na kumi bora wa pili wanabebeshwa kwenye ya tatu. Kuanzia wa 11 kwenda chini, hubebi kitu. Lengo lilikuwa mashindano yasiwe ya mtu mmoja, na lilifanya kazi. Mwaka ule tulikuwa na washindi 17 tofauti, na Colin Turkington akatwaa taji akiwa ameshinda mbio moja tu. Mfumo wenyewe haupo tena; tangu 2022 vyuma vile havifungwi.

Gari letu lilivutwa na magurudumu ya mbele, na gari la aina hiyo halikuruhusiwa kuwa chini ya kilo 1,280 pamoja na dereva. Ukigawanya, kilo 33, mzigo wa aliyemaliza wa sita, hazifiki hata asilimia tatu. Kwenye karatasi si kitu. Lakini tairi za mbele ndizo zinazovuta, ndizo zinazokata kona, na ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya kazi ya breki. Kila kilo unayoongeza zinailipia zenyewe, mzunguko baada ya mzunguko.

Knockhill ni njia fupi, kilomita mbili na kidogo, juu ya kilima huko Uskoti. Upepo wake hauna adabu hata mwezi wa nane. Mbio ya kwanza kijana wetu, dereva, alimaliza wa sita. Hatukuwa tumewahi kufika huko mwaka mzima. Pointi kumi! Mzee wa tairi, ambaye sikuwahi kumwona akicheka, alinikumbatia na ovaroli yake yenye mafuta, na bosi akaenda nyuma ya lori akakaa huko peke yake dakika nzima.

Kisha karatasi ikaja. Wa sita: kilo 33.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo.

Sanduku la mzigo lilikuwa sakafuni, upande ambao gari la kawaida lingekuwa na kiti cha abiria. Kulifikia ilikubidi uingie kwa magoti kupitia mlangoni, ukipinda mgongo kuzikwepa nguzo za chuma. Injini ilikuwa imezimwa lakini joto lilikuwa bado limo ndani, na ile harufu ya breki zilizoungua inayokaa kooni. Kijana alikuwa hajashuka. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake, mikanda imefunguliwa, helmeti iko mapajani, nywele zimelowa jasho. Tulikuwa karibu kiasi kwamba nilisikia pumzi yake ikitulia polepole.

Nikaanza kuvipanga vile vibamba vya chuma vya mzigo. Kila kimoja nilikipima nje kwenye mizani, nikakiandika, nikakipitisha ndani. Vilikuwa vya baridi hata kupitia glavu. Ukikishusha kimoja juu ya kingine kinatoa mlio mfupi, mzito, kama mlango wa sefu. Simu ilitetemeka mfukoni. Nikaiacha. Ikatetemeka tena. Nikaichungulia, nikidhani ni bosi, kumbe ni mdogo wangu: "Kaka nimeona matokeo, mko wa sita! Hongereni sana. Basi lile suala la ada, naona Mungu amefungua njia."

Nilibaki nimepiga magoti, kibamba mkononi.

Sikukasirika, na hili nataka lieleweke. Aliketi mbele ya kompyuta maelfu ya kilomita kutoka pale, akasubiri matokeo ya gari ambalo hajawahi kuliona kwa macho, akafurahi kwa dhati. Furaha ile na ile ada vilikuwa kitu kimoja kwake, na sikuwa na jinsi ya kuvitenganisha. Wala sikuwa na uhakika kama nilitaka kuvitenganisha.

"Ngapi?" kijana akauliza.

"Thelathini na tatu."

Akanyoosha mkono, akauweka kiganja juu ya kile kibamba cha mwisho kabla sijafunga kifuniko. Aliuacha pale kwa muda. Kisha akasema taratibu, kama anayejiambia mwenyewe, "Basi tumefanya vizuri."

Nikakaza bolti nne. Nikazikagua kwa spana ya mkazo, moja, mbili, tatu, nne. Nikazikagua tena, ingawa nilijua zimekaza.

Mbio ya pili naipitia haraka. Mizunguko minane ya mwanzo alibaki pale pale, wa sita. Halafu tairi za mbele zikaanza kumwambia ukweli. Tuliiona Duffus Dip, ile kona ya kwanza inayoteremka: pua ya gari inaelekea nje, yeye anairudisha, inaelekea nje tena. Kwenye kona kali ya mwisho wa mzunguko alilazimika kufunga breki mapema kuliko wenzake, na kila alipoifunga mapema mmoja alipita. Wa nane. Wa kumi. Alimaliza wa 14. Hakugonga mtu, hakukosea. Alichoka tu pamoja na gari lake.

Wa 14 habebi kitu, kwa hiyo nikarudi kwa magoti nikalegeza zile bolti nne. Safari hii alikuwa ameshuka. Alisimama nje, mikono kwapani kwa baridi, akitazama ninavyotoa vibamba kimoja kimoja na kuvipanga juu ya zulia la gereji. Gari lilikuwa linazidi kuwa jepesi mbele ya macho yake. Nilitafuta neno la kumwambia, nikakosa. Nilipotoa cha mwisho aligeuka akaenda kunywa maji.

Mwaka uliofuata hakurudi. Wadhamini waliisha, kama ilivyowatokea wengi wenye kipaji kama chake. Mdogo wangu alimaliza chuo, ana kazi, ana watoto wawili, na sasa hivi ninavyoandika ndiye anayewabeba wengine pale nyumbani. Sijawahi kumsimulia kuhusu ujumbe ule ulinikuta wapi. Nimejiuliza mara nyingi kama kanuni ile ilikuwa ya haki, kumwongezea uzito mtu kwa sababu ameweza. Kuna siku naona ilikuwa haki tupu. Kuna siku naukumbuka mkono wa yule kijana juu ya chuma, nashindwa kusema lolote.

"Baba! Umejuaje?"

"Niliwahi kufanya kazi ya kupima," nikamwambia.

"Sasa imezidi. Tunatakiwa 23."

Tukalifungua sanduku tena. Akaanza kutoa zawadi za shangazi zake, moja baada ya nyingine, akizipima kwa mkono kama alivyoniona nikifanya. Nikamwambia azirudishe. Nikatoa viatu vyangu, jozi ile nzito, nikaviweka kando ya mlango.

Mizani ikasoma 22.9.