Padi Nzito

Mwezi ukiwa mpevu, wavuvi wa dagaa hawatoki. Dagaa hufuata taa, na taa gani itashindana na mbalamwezi? Siku hizo vijana wa Mwaloni, kwenye soko la samaki, hukaa nchi kavu, na mwaka 2019 wengi wao walizimalizia hela zao kwenye banda la gemu nililokuwa nalisimamia pale Kirumba, Mwanza. Tulikuwa na PS4 mbili, mashine za gemu zinazochezwa kwa padi, kile kidude cha mkononi chenye vitufe na vijiti. Moja ilikuwa kwenye TV ndogo ya zamani, mechi shilingi 300. Nyingine ilikuwa kwenye TV kubwa, mechi 500, ambayo mama mwenye banda aliipangusa vumbi kila asubuhi kwa mkono wake.

Kulikuwa na dogo mmoja wa kidato cha pili. Mama yake alianika dagaa, na noti zake zilikuja zikinuka dagaa. Alicheza kwenye TV ndogo tu. Sijaona mtu anayepiga pasi kama yule mtoto. Alikuwa kama anaona nafasi kabla haijafunguka.

Mbalamwezi ya mwezi wa saba tukaandaa kombe. Dogo aliwatoa wote kwenye TV ndogo, akafika fainali. Fainali tukaihamishia TV kubwa ili watu waone vizuri. Mpinzani wake alikuwa mvuvi wa Ukerewe, mteja wa TV kubwa siku zote.

Mechi haijakolea, dogo akanigeukia. "Kaka, padi nzito."

Mapumziko nikawabadilishia padi. Kipindi cha pili hakijafika mbali, akasema tena, "Hii nayo nzito, kaka." Banda zima likaangua kicheko. Akafungwa 4-0, nami nikamwambia mbele ya watu wote, "Padi zote mbili nzito? Kubali tu umefungwa." Hakujibu. Aliweka padi chini taratibu, akavaa ndala zake, akatoka.

Wakati ule nilikuwa nasomea kompyuta, na hilo neno "nzito", yaani inachelewa kuitika, halikunitoka. Kesho yake nikachomeka padi kwenye laptopu yangu ya Linux. Padi ya waya haijisemei yenyewe. Hungoja kuulizwa na mashine, tena na tena. Nikafungua evtest, programu inayoonyesha taarifa za padi zinavyofika, nikazungusha kijiti bila kusimama, nikasoma muda kati ya taarifa na taarifa: milisekunde 4, yaani padi inaulizwa mara 250 kwa sekunde. Padi ya pili, 4. Ile feki ya akiba ilitoa 8, mara 125 kwa sekunde. Ukibonyeza kitufe mara tu swali lilipopita, utangoja swali linalofuata. Kwa hiyo hata kwa ile feki, kungoja huko hakuzidi milisekunde 8. Hakuna kidole kinachofungwa mabao manne kwa hizo.

Nilikutana na dogo njiani, amebeba ndoo. "Nimepima," nikamwambia, "padi ni nzima."

"Sawa, kaka."

Hiyo "sawa" ilininyima usingizi. Nilikuwa nimepima safari ya kutoka kidoleni hadi kwenye mashine. Yeye alikuwa akiniambia juu ya safari ya kutoka kidoleni hadi machoni.

Nikaazima simu ya binamu yangu inayorekodi picha 240 kwa sekunde, nikaiegemeza kwenye chupa ya maji, kidole changu na kioo cha TV vionekane pamoja. Nabonyeza, kisha nahesabu picha mpaka mchezaji ajitikise. Kila picha ni kama milisekunde 4.2. Mara kumi kwa kila TV, kwa padi ile ile na PS4 ile ile. Umeme ukakatika katikati, nikangoja gizani mpaka ukarudi.

TV ndogo: wastani wa picha 20, kama milisekunde 83. TV kubwa: picha 33, karibu 138. Nikabadilisha padi, tofauti haikuhama. Ilikuwa ya TV.

Gemu lenyewe lilikwenda fremu 60, yaani picha 60 za gemu, kwa sekunde, kwa hiyo kwenye TV kubwa dogo alikuwa anaona mambo yaliyochelewa kwa zaidi ya fremu tatu kuliko alivyozoea. TV kubwa ilikuwa inalainisha mwendo: ili itunge picha ya katikati, lazima ishike moja na kungoja inayofuata, na wakati huo mpira umeshaondoka. Nikatafuta hali ya gemu (game mode), inayozima ulainishaji huo, kwenye menyu ya TV, nikaiwasha, nikapima upya. Picha 21. Mvuvi alikuwa ameuzoea ule uchelewaji miezi mingi, vidole vyake vikajifunza kuutangulia. Dogo alikuja na vidole vya TV ndogo.

Jumatatu nilikwenda kwao. Mama yake alikuwa anageuza dagaa kwenye chanja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

Nikamwomba akae nasi, kwa kuwa mwanawe nilimwaibisha mbele za watu. Tukaitazama ile video kivulini. Dogo alihesabu kwa sauti, picha kwa picha, mpaka thelathini na tatu. Akairudisha mwanzo, akahesabu tena.

"Nisamehe, dogo. Ulisema kweli."

Alinitazama. "Kwa hiyo ile fainali, kaka?"

Mwezi ulikuwa umeshaanza kuchelewa kuchomoza. Mvuvi alikuwa amerudi Ukerewe, na fedha za kombe alikwenda nazo.