Nilivyokusanya historia ya Pangani kutoka kwenye masanduku ya watu

Mgeni akifika Pangani, mji wetu wa pwani mkoani Tanga, hupewa hadithi ile ile. Atapelekwa bomani, aambiwe kuna watumwa waliozikwa hai chini ya nguzo zake. Atashushwa hadi ukingo wa mto, asimuliwe habari za Bushiri bin Salim aliyepigana na Wajerumani kuanzia mwaka 1888 na kunyongwa hapa hapa mjini tarehe 15 Desemba 1889. Kisha atapanda pantoni avuke Bweni, aendelee zake Ushongo kuogelea. Hadithi hiyo nimekua nayo na sina ugomvi nayo. Lakini ukiisikiliza vizuri utadhani Bushiri alipokufa mji nao ulilala, ukaamka juzi watalii walipoanza kuja. Babu yangu mzaa mama aliletwa huku kama manamba, yaani kibarua wa kuandikishwa, kukata mkonge, akaoa, akazeeka, akazikwa hapa. Katika hadithi ile hamna pa kumweka.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, historia sikuisomea. Nilichokuwa nacho ni simu, daftari, na kujulikana kidogo kwa kuwa nimefundisha watoto wa watu wengi. Nilianza na barua kutoka serikali ya mtaa, kwa sababu mtu mzima anayezunguka nyumba za watu akiuliza mambo ya zamani huleta maneno: wengine watadhani unatafuta viwanja, wengine watadhani unafuatilia mirathi. Barua ile niliionyesha mara chache tu, ila ilinipa moyo wa kubisha hodi.

Ukimwomba mzee wa Pangani akusimulie historia ya mji, atakohoa kidogo kisha atakupa Bushiri. Atakupa vizuri, na ishara za mikono. Ukimwomba bibi, atakuambia, “Mimi historia siijui, mwanangu, nenda kwa fulani.” Fulani mwenyewe ni yule yule mzee wa kwanza. Nilipoona hivyo niliacha kabisa kulitaja neno historia, nikawa naulizia vitu. “Bibi, hili sanduku la mbao ulilipata wapi?” “Hii mbuzi ya kukunia nazi nani aliichonga?” “Ule mlango mlinunua kwa nani?” Mtu ambaye dakika tano zilizopita hakujua historia atakueleza sanduku lilikuja na jahazi gani, nahodha alikuwa nani, kwa nini mahari yake ililipwa nusu, na nyumba ya jirani ilibomoka masika ya mwaka gani.

Kitu kilichonifungulia mengi kuliko vyote kilikuwa ndani ya kopo la biskuti, nyumbani kwa bibi mmoja upande wa Bweni. Nilimuuliza kama marehemu mumewe aliacha karatasi yoyote. Akaenda chumbani, akarudi na kopo, na humo, chini ya vyeti vya kliniki na risiti za kodi, kulikuwa na kipande.

Vijana wengi hawajui kipande ni nini, kwa hiyo nieleze. Kilikuwa kadi ya kazi ya shambani yenye nafasi za siku 30. Ukimaliza kazi uliyopangiwa siku hiyo unawekewa alama. Ukiugua au ukishindwa kumaliza, nafasi inabaki tupu. Mshahara ulitoka siku 30 zilipojaa, si mwezi ulipoisha. Bibi alikuwa akisema “mwezi wa kalenda” na “mwezi wa kipande” kama miezi miwili tofauti, na ndivyo ilivyokuwa. Kutoka kwenye kadi ile tulihamia kwenye posho ya unga na maharage, kwenye king'ora cha alfajiri, kwenye korona ambamo majani ya mkonge yalisagwa ili kutoa katani, na maji yake yenye harufu ambayo hata wageni wakiyasikia walijua wamekaribia shamba. Tulifika hadi kwenye kambi, ambako Waha, Wamakonde, Wanyamwezi na watu wa Burundi walipangwa mistari mistari, kila jioni ya sikukuu na ngoma yake. Mumewe aliletwa kupitia SILABU, ofisi ya wenye mashamba iliyoanzishwa mwaka 1944 kuandikisha vibarua mikoani. Watu walipewa namba, na ndiyo maana wakaitwa manamba. Bibi alikumbuka namba ya mumewe bila kuangalia kadi.

Mimi nami nikampa nilichosoma: kwamba mkonge wenyewe haukuwa wa hapa. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani, ikapitia Hamburg, na ilipofika mwaka 1893 iliyokuwa hai ni 62 tu. Hiyo 62 ilipandwa Kikogwe, ng'ambo ya mto, mwendo mfupi kutoka pale tulipokuwa tumekaa. Kutokana na miche ile mashamba yalienea Tanga nzima hadi Tanganyika ikawa ya kwanza duniani kwa katani. Bibi akacheka sana. “Kumbe hata mkonge uliletwa kama manamba, na wengi wakafia njiani!” Sentensi hiyo nimeinasa, na nikiwafundisha watoto naanza nayo.

Nieleze sasa jinsi nilivyofanya kazi, maana ndicho ninachoulizwa zaidi. Simu ya kawaida inatosha kurekodi. Mimi huiweka juu ya khanga iliyokunjwa ili isichukue mtikisiko wa meza, feni inazimwa, na mwanzoni kabisa nasema tarehe, mahali, na jina la anayezungumza kama ameniruhusu. Wakati mzuri ni baada ya alasiri, kazi zimepungua na kahawa iko tayari. Akiwepo mjukuu ni bora zaidi, kwa kuwa bibi atamweleza mjukuu mambo ambayo mimi angeniona nayajua. Nikifika nyumbani faili inapewa jina lenye tarehe na mtaa, inanakiliwa kwenye kompyuta ya shule, kwenye diski ya kubeba mkononi, na nyingine anapelekewa ndugu yangu Tanga mjini. Pwani kuna chumvi, unyevu na mchwa. Kitu kilichowekwa mahali pamoja tu ni kama hakipo.

Picha na hati sizichukui. Napigia picha pale pale nyumbani, karibu na dirisha, bila mwanga wa simu, na rula kando ili ukubwa ujulikane. Sijawahi kuondoka na karatasi ya mtu hata kwa usiku mmoja, na hili nalisema mlangoni kabla sijaketi. Nyumba nyingi ziliwahi kumwazima mgeni aliyesema anaandika kitabu, akaondoka na albamu, na hadi leo albamu haijarudi. Watu hawasahau. Nikiona pini yenye kutu naomba niitoe. Majina ya waliomo pichani nawaomba wayaandike nyuma kwa penseli, maana wino wa kalamu hupenya hadi mbele. Na kuna janga la lamineshini: mtu anaipenda picha ya harusi ya wazazi wake, anaipeleka ikatiwe plastiki, ile mashine ya moto inaifunga na unyevu wake humo humo, na haitoki tena. Nimebishana na watu mpaka kwenye mlango wa duka la kutoa nakala.

Hati za zamani zaidi zimeandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Mimi siwezi kuzisoma kwa haraka, ila maalimu mmoja wa madrasa anazisoma kama gazeti. Nyingi ni za minazi. Anauza fulani kwa fulani minazi kadhaa, iliyo kati ya mnazi wa fulani na njia ya kisimani, na mashahidi ni hawa. Minazi inahesabiwa mmoja mmoja, kwa sababu kwa desturi ya Mrima, yaani pwani hii yetu, mti ungeweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwenyewe mwingine. Katika hati hizo nilikuta majina ya wanawake, wanaonunua na kuuza kwa majina yao. Nilikwenda pia Dar es Salaam, Nyaraka za Taifa, nikasoma kumbukumbu za maafisa wa Kiingereza kuhusu wilaya yetu. Kuna majumbe, kodi, barabara na malalamiko. Wanawake wale wa minazi sikuwaona humo.

Lipo jambo gumu, nalo ni utumwa. Pangani ilikuwa mlango wa misafara, na mashamba ya miwa ya kando ya mto yalilimwa na watumwa. Utumwa wenyewe ulikomeshwa kisheria Tanganyika mwaka 1922. Huo si mwaka wa mbali. Wapo wazee wetu waliolelewa na watu waliozaliwa kabla yake. Kila mtu anaijua asili ya jirani yake na hakuna anayeisema mchana. Mara kwa mara mzee hunishika mkono akaniambia nizime simu, kisha akanieleza nyumba ipi ni ya waungwana na ipi bibi yao alinunuliwa. Nikiambiwa nizime, nazima. Habari ya ukoo mmoja iliyosemwa na ukoo mwingine siiandiki popote. Ya kwake mwenyewe mtu akitaka kuisema, naipokea na kumuuliza mara mbili kama niisambaze. Rafiki zangu wanaosoma chuo wananiambia hivyo ni kuficha ukweli. Wao hawatakutana na wahusika sokoni kesho asubuhi.

Mabishano mengine, yasiyoumiza, nayaweka yote. Mahali Bushiri aliponyongwa nimeonyeshwa na wazee mbalimbali, kila mmoja na uhakika wake, na si pamoja. Siwapatanishi, naandika aliyesema na alipoonyesha. Vivyo hivyo kisiwa cha Maziwe. Leo ni fungu la mchanga ambalo maji yakijaa linamezwa, lakini zamani kilikuwa na mivinje na kasa walipanda kutaga. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 miti ilikuwa imekwisha. Wavuvi wa rika moja wanalaumu ukataji wa mivinje, wengine wanasema mkondo wa bahari uligeuka, na mzee mmoja anashikilia kwamba kuna heshima za kisiwa zilizovunjwa, ila hataki kusema zipi. Zote tatu zimo kwenye rekodi, na hiyo ya tatu ndiyo watoto wanayoiomba tena.

Kusambaza kulikuja kwa njia tatu, na iliyofanya kazi kuliko zote ndiyo ya bei ndogo. Nilichapisha picha kwenye karatasi za kawaida, nikafunga kamba kati ya miti miwili karibu na soko, nikazining'iniza kwa vibanio vya nguo, na kila picha ikawa na penseli yake. Sikuandika maelezo yoyote. Watu walisimama, wakacheka, wakabishana, wakaandika. “Huyu si Omari, huyu ni nduguye.” “Hapa ni kabla forodha haijapakwa rangi.” Wamama waliokwenda kununua dagaa walirudi nyumbani kuleta picha zao ziningʼinizwe nazo. Picha moja ya vijana wa timu ya mpira wa shamba la mkonge, ambayo niliipata ikiwa na jina moja tu, jioni ilikuwa na majina yote isipokuwa kipa.

Picha hizo hizo nilizituma kwenye kundi la WhatsApp la watu wa Pangani, na huko zikafika Zanzibar, Maskati na Toronto, kwa watoto wa waliohama. Kipa alitambuliwa na mpwa wake aliyeko Maskati. Njia ya tatu ni redio ya jamii ya hapa mjini, iliyokubali kurusha vipande vifupi vya sauti. Bibi wa kopo la biskuti alisikika saa mbili usiku, na kesho yake wanaume wa barazani walikuwa wakimwamkia kwa namna nyingine kabisa. Wajane wengine wa manamba wakaanza kuniita wao, wakisema na wao wana makopo.

Shuleni nawapa watoto kazi moja kila muhula: chagua kitu kimoja nyumbani kilichokuzidi umri, uulize kilikotoka, uandike ukurasa mmoja, na mwisho uandike jina la aliyekueleza. Daftari hizo nimezihifadhi. Nyingine ni za uvivu, nyingine zimenakiliwa kwa jirani, na nyingine zina mambo ambayo mimi mzima na barua yangu nisingeyapata.

Kazi iliyoko mezani sasa ni majina ya kambi. Mashamba mengi yalitaifishwa mwaka 1967, wakati bei ya katani ilikuwa tayari inaporomoka kwa sababu ya kamba za nailoni, na watu wa kambi wakatawanyika polepole. Vingi vya vijiji vile vya kambi havimo kwenye ramani ya mtu yeyote, ila waliozaliwa humo wanavitaja kwa majina yaliyotokana na wanyapara, mito na vituko. Nimeanza kuvichora kwa mkono, nikitumia nyayo za reli ndogo ya shamba kama mwongozo. Kama mzazi au babu yako alifanya kazi Mwera, Kikogwe au Sakura na una kipande chake, kipige picha mbele na nyuma, andika jina lake kamili, kambi aliyokaa na alikotokea, kisha umpe nakala mtu mwingine wa nyumbani kwenu kabla hujaituma kwa mtu kama mimi.