Futari ya saa tatu usiku

Agosti 2011 nilikuwa Tours, Ufaransa, nikisoma lugha. Nilipanga chumba kwa mama mmoja mzee, mjane. Mdomoni nilimwita Madame kama alivyotaka, ila moyoni alikuwa Bi Mkubwa.

Ramadhani ya mwaka ule iliangukia katikati ya kiangazi. Kwetu Tanga mwezi huo magharibi huingia kabla hata ya saa kumi na mbili na nusu. Tours ilikuwa saa tatu usiku. Wiki mbili na ushei nikawa nafuturu peke yangu chumbani, tende na supu ya pakiti, maana Bi Mkubwa alikuwa akila saa moja kamili, akiosha vyombo, akizima taa ya jikoni. Sikumlaumu. Lakini futari ya peke yako ina uzito wake, aliyewahi kuila anaujua.

Jumamosi moja, kumi la mwisho linabisha hodi, aligonga mlango wangu asubuhi akiwa na kikapu. Akasema twende sokoni Les Halles. Leo tutapika tarti, unga wa siagi unaookwa na vitu juu yake, nasi tutaweka nyanya na jibini ya mbuzi, na tutaila pamoja, wakati wangu.

Jibini ya mkoa ule ni Sainte-Maure de Touraine. Ni ndefu, nene kama mchi mdogo wa kinu, nje ina rangi ya kijivu kwa sababu hupakwa majivu ya mkaa yaliyochanganywa na chumvi. Katikati limepita bua la nafaka, na juu ya bua hilo wamechora kwa leza jina la jibini na alama ya mtengenezaji. Kwetu mbuzi ni nyama na supu. Kuona maziwa yake yameheshimiwa namna hii kulinigusa. Njiani Bi Mkubwa akanisimulia wanavyosimulia wazee wa huko: kwamba Waarabu waliposhindwa vitani karibu na Poitiers mwaka 732, waliacha mbuzi wao nyuma, na ndipo wenyeji wakajifunza jibini hii. "Kwa hiyo ni watu wa dini yako waliotuletea," akasema, kama anayerudisha kitu alichoazima.

Unga tulianza adhuhuri. Gramu 250 za ngano, maji baridi, chumvi kidogo. Na siagi gramu 200, aliyoiponda kwa mti wa kusukumia mpaka ikawa bapa la mraba. Niliposhika ule mti nilijiona nyumbani. Chapati nilifundishwa na bibi yangu nikiwa na miaka tisa: sukuma, paka samli, viringisha kama konokono, pumzisha, sukuma tena. Nikadhani ni mambo yale yale, nikabandika kisufuria niyeyushe siagi. Bi Mkubwa akanishika kifundo cha mkono, akazima moto bila kusema neno.

Chapati inataka samli ya moto, ipenye. Unga huu unataka siagi ibaki baridi, imelala ndani yake kama shuka lililokunjwa. Ikiyeyuka mapema, matabaka yanagandana na kazi yote imepotea. Ikifika kwenye oveni ingali baridi, maji yaliyomo yanageuka mvuke na kuinua kila tabaka peke yake. Basi tukawa tunakunja mikunjo mitatu kama barua, tunageuza, tunasukuma. Kila baada ya mara mbili, friji nusu saa. Jumla mara sita. Piga hesabu, tatu mara tatu mara tatu, ufike ya sita: matabaka 729 ya siagi.

Unga ukiwa unapumzika nilimpigia bibi. Shikamoo, marahaba, akauliza napika nini. Nilipomweleza hakushangaa hata kidogo, aliuliza tu, "Na chumvi utaionjaje?" Akanikumbusha kuweka kidogo kwenye ncha ya ulimi, kisha niteme. Nikaitikia. Sikuthubutu, niliogopa swaumu yangu.

Nyanya nilizikata mimi, nikazinyunyizia chumvi na kuzitandaza juu ya kitambaa zitoe maji, kwani zikiingia na maji yake chini ya tarti panakuwa uji. Juu ya unga tulipaka haradali, tukapanga nyanya, vipande vya jibini na ganda lake la majivu, zaatari, mafuta ya zeituni. Bi Mkubwa naye hakuonja. Saa moja ilipita hajala. Nilimwona akitazama saa ya ukutani, kisha akajiongezea kazi ya kupangusa meza iliyokuwa safi.

Tarti hii haingoji mtu. Ikipoa, chini inalegea. Magharibi ilikuwa saa tatu na dakika moja, akahesabu kurudi nyuma, akaingiza trei saa mbili na dakika ishirini na sita, digrii 200. Tulikaa mbele ya kioo cha oveni tukiangalia kingo zikipanda, ukurasa juu ya ukurasa, mpaka zikawa rangi ya asali. Nikafungua kwa tende na maji. Nikampa na yeye tende. Kisha akakata.

Kingo zilivunjika kwa mlio wa majani makavu. Na chumvi ilikuwa kali mno: ya nyanya ambazo sikuzipangusa, ya haradali, ya yale majivu. Nilitaka kulia. Bi Mkubwa alitafuna hadi mwisho, akainuka, akaleta chupa ya asali, akachuruzisha juu ya kipande changu kwanza. Asali ikaishika ile chumvi, jibini ikalainika mdomoni. Tuliimaliza trei nzima, sisi wawili.

Asubuhi ya pili nilikuta kikaratasi kwenye mlango wa friji, kwa mwandiko wake uliolala upande: 20:59.