Albumini 26

Siku ya tatu baada ya upasuaji, karatasi ya maabara ilisoma albumini, protini ya kwenye damu, gramu 26 kwa lita. Ya kawaida ni 35 hadi 50. Tulikuwa Chennai, India, nimewasindikiza kama muuguzi ndugu wawili wa Mwanza. Mdogo, mwenye karatasi ile, alikuwa amemtolea kaka yake upande wa kulia wa ini, asilimia 60 hivi ya ini zima. Mama yao alipoambiwa namba ile akanivuta pembeni: "Sista mwanangu, si wamtundikie tu hiyo chupa ya protini?"

Halikuwa ombi la kijinga. Albumini hutengenezwa na ini, na ndiyo huyazuia maji yasivuje nje ya mishipa. Ila ikishaingia kwenye damu hukaa. Nusu yake huchukua wiki tatu hivi kuisha. Ini kupungua Jumatatu hakutoshi kuishusha hivyo ifikapo Alhamisi. Kilichoishusha ni dripu zilizoizimua, damu iliyopotea, na mishipa inayovuja kila mwili unapojeruhiwa vibaya.

Mimi nilitishwa na kidole cha yule mdogo. Kipimo cha oksijeni kilichobana kidoleni kilisoma asilimia 91, naye anapumua mara 28 kwa dakika, pumzi fupifupi, kiganja kimebana mbavu za kulia. Kulitoa ini la upande huo ni mpaka libanduliwe kwenye kiwambo cha pumzi, msuli ulio chini ya mapafu. Kiwambo kikiuma hakishuki, pafu husinyaa chini, maji hujikusanya pembeni yake. Eksirei ilionyesha hayo hayo. Walimpiga na picha ya CT, maana damu iliyoganda mguuni ikipanda kwenye pafu huja na dalili kama hizo. Haikuwa hiyo.

Nikamuuliza kuhusu pampu ya dawa ya maumivu, ile mgonjwa hubonyeza mwenyewe. Kumbe usiku kucha hakubonyeza kitufe, anaogopa kuzoea dawa!

Akabonyeza, tukasubiri dakika 20, tukamketisha kitini. Akaukumbatia mto juu ya kidonda, akakohoa. Kisha kile kifaa cha mipira mitatu: kuvuta pumzi polepole, kuishikilia sekunde tatu, mara 10 kila saa akiwa macho. Mvuto wa kwanza, mpira mmoja ulitikisika tu, haukupanda. Jioni ilipanda miwili.

Siku ya tano alisoma 96 bila oksijeni ya puani, na maji ya pembeni mwa pafu yalikuwa yamepungua bila kuchomwa sindano. Albumini ilikuwa 27.