Kopo la kakao na daftari langu

Kila kopo la kakao lina maandishi madogo nyuma, na aghalabu mtu hulifungua bila kuyasoma. Mimi siku hiyo niliyasoma: kakao hii imetiwa alkali. Nafanya keki za harusi na za siku ya kuzaliwa hapa Malindi, mtaa wa Maweni, na muda mrefu nilikuwa nataka kujua kwa nini keki ya chokoleti hutoka nyeusi nikitumia kopo la aina hii, na nikishika la aina nyingine inatoka hudhurungi na ina uchachu kwa mbali. Nikajiuliza, alkali ya kazi gani kwenye chakula?

Jibu lilinipeleka Amsterdam. Mwaka 1828 Van Houten, kampuni ya watengeneza kakao, ilipata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya mashine ya kukamua mafuta ya kakao. Mbegu ya kakao karibu nusu yake ni mafuta, ndiyo maana kinywaji cha zamani kilikuwa kizito, mafuta yakielea juu ya kikombe. Yakishakamuliwa yanabaki mashudu, na mashudu hayo yakisagwa ndiyo unga tunaonunua dukani. Van Houten wakatia na chumvi za alkali ili uchachu upungue na unga ukubali maji, rangi nayo ikakolea. Basi jikoni mwangu mambo yakafunguka. Kakao isiyotiwa alkali ina asidi, kwa hiyo bekingi soda inapata cha kuiamsha na keki inaumuka. Iliyotiwa alkali haina asidi hiyo, yataka beking pauda. Kipimo nilichorithi kwa mama kikawa na sababu, na raha niliyoipata usiku ule siwezi kuieleza nusu.

Tangu hapo nina daftari la jalada gumu. Naandika swali juu ya ukurasa, halafu nasoma kwa simu watoto wakishalala, na sihami mpaka nielewe. Jirani yangu aliniona na kalamu akaniuliza, “Mama Swaleh, wasomea cheti gani?” Nikamwambia sisomei cheti, nasoma. Akacheka akafikiri namficha. Lakini ndiyo hivyo: hakuna mtihani, hakuna mwalimu wa kuniambia sura ya tatu imekwisha tuingie ya nne. Nikitaka kukaa kwenye picha moja wiki nzima, nakaa.

Na iko picha niliyokaa nayo. Ni chombo cha udongo cha Wamaya, watu wa kale wa Amerika ya Kati, cha karne ya 7 au ya 8, ambacho leo kiko kwenye makumbusho ya Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani. Katikati ameketi mungu mzee kwenye kiti chake, wanawake wamemzunguka. Pembeni kabisa, mwanamke mmoja amesimama, chombo ameshika mikononi, anamimina kakao kwa mstari mwembamba hadi kwenye chombo kingine kilicho chini. Anatafuta povu. Kwa Wamaya povu ndilo lililokuwa utamu wa kinywaji, na lilipatikana kwa kumimina kutoka juu, kama wauza chai wetu wanavyoirusha kikombe hadi kikombe. Nilikuza picha nikamtazama mikono. Hakuna aliyeandika jina lake, lakini kazi yake naijua. Na chini ya kiti cha yule mungu amekaa sungura, ana kitabu, anaandika! Niliwaita watoto waje waone. Wakati mwanamke huyo anachorwa, mji wetu wa kale wa Shanga, kule kisiwani Pate, ndiyo kwanza unaanza kujengwa.

Lakini hata Wamaya walikuta mti umekwisha fugwa. Masalio ya kakao kwenye vyombo vya Santa Ana-La Florida, Ekuado, yana miaka kama 5,300, na hayo yalitangazwa 2018 tu.

Halafu kuna fedha. Huko Tlaxcala, Meksiko, mwaka 1545 iliandikwa orodha ya bei za soko, na bei zenyewe ni mbegu za kakao: bata mzinga jike mzuri kwa mbegu 100, yai la bata mzinga kwa mbegu 3, nyanya kubwa kwa mbegu 1. Niliisoma orodha hiyo kama ninavyosoma bei za soko letu la Malindi, na nikaanza kupiga hesabu ya mayai ya keki moja ya harusi.

Columbus alikutana na mbegu hizi 1502, kwenye mtumbwi mkubwa wa wafanyabiashara karibu na kisiwa cha Guanaja. Hakujua ni nini. Mwanawe Fernando ameeleza kwamba mbegu zilipodondoka, wale watu waliinama kuziokota kana kwamba ni jicho la mtu limeanguka. Miaka minne kabla, 1498, Vasco da Gama alikuwa hapa kwetu. Napita karibu na nguzo yake kila nikipeleka keki hotelini, na sasa tarehe hizo mbili zimekaa pamoja kichwani mwangu.

Binamu yangu aliye Dar es Salaam alinitumia mbegu kavu za Kyela, kule Mbeya, ambako wakulima wanalima kakao. Nilipofungua mfuko, pua ilipigwa na siki. Ni kwa sababu mbegu huvundikwa siku kadhaa pamoja na nyama yake nyeupe kabla ya kuanikwa, na bila kuvundika huko ladha ya chokoleti haiji. Nilizikaanga kwa moto mdogo, zikaanza kupasuka, siki ikaondoka na moshi, nyumba nzima ikanukia. Nikazimenya, nikapepeta maganda kwa ungo, nikazitwanga kinuni. Mwanzo ni chenga kavu. Baadaye mchi ukaanza kunata, kisha ule unga ukageuka uji unaong’aa bila tone la maji, kwa mafuta yake wenyewe. Mafuta hayo huyeyuka kwenye joto la nyuzi 34 hivi, chini ya joto la mwili. Kaskazi ikichachamaa hapa Malindi, chokoleti ya dukani inalainika vivyo hivyo ndani ya karatasi yake.

Kurasa nyingine ni nzito. Watu wa Angola walinunuliwa bara wakavushwa hadi visiwa vya São Tomé na Príncipe kulima kakao, kwa jina la vibarua wa mkataba, na hawakurudishwa makwao. Mwaka 1909 Cadbury, Fry na Rowntree, kampuni za chokoleti za Uingereza, waliacha kununua kakao ya huko. Nilipofika hapo nilifunga daftari kidogo, kwa sababu mashamba ya mtama na ufuta ya Malindi hii, katika karne ya 19, yalilimwa na watumwa pia. Hilo shuleni tulipewa mstari mmoja.

Nilifurahi kumpata Tetteh Quarshie, fundi wa chuma wa Ghana, aliyerudi na mbegu kutoka kisiwa cha Fernando Po 1879 akazipanda Mampong. Leo Kodivaa na Ghana zinatoa kama nusu ya kakao ya dunia.

Sasa niko kwenye vanila, maana Waazteki, watu wa Meksiko ya kale, waliitia kwenye kakao yao. Mtu aliyegundua njia rahisi ya kuchavusha ua lake kwa mkono ni Edmond Albius, mtumwa wa kisiwa cha Réunion, mwaka 1841, akiwa na miaka 12. Shangazi yangu aliyeolewa Ngazija anasema kwao wanafanya hivyo mpaka leo, kila ua kwa mkono, asubuhi. Nimemwomba anipigie simu ya video maua yakifunguka.