Daftari la vibarua

Jalada la mtu aliyeumia kazini likifika mezani kwangu, kitu cha kwanza ninachomwomba mteja ni daftari la malipo. Ripoti ya daktari itakuja baadaye. Nataka lile daftari la mistari lililokunjika kona, lenye majina ya nusu nusu, tarehe, kiasi, na dole gumba la kila aliyepokea. Natetea waajiri. Wengi ni watu wa mbao wa Mafinga na Sao Hill, huku Iringa, Tanzania, wachache ni wa chai na malori, na kesi zao karibu zote huamuliwa na daftari hilo.

Jalada la sasa haliniachi nilale. Ya mteja hayasemwi, kwa hiyo majina nayaacha na baadhi ya mambo nimeyageuza. Mteja ni mama mwenye kiwanda kidogo cha kuchana mbao alichoachiwa na marehemu mumewe. Kijana aliyekuwa akisukuma gogo alipoteza vidole vitatu vya mkono wa kulia. Hakuwa na mkataba, na ajali haikuripotiwa popote. Mama alilipa hospitali, akampa nauli ya kurudi kwao, akadhani yamekwisha. Miezi michache baadaye akaletewa hati ya madai, anadaiwa fidia kwa uzembe.

Alikuja na utetezi ameshaupanga. "Wakili, yule si mfanyakazi wangu. Ni kibarua tu. Akija namlipa, asipokuja simtafuti."

Sikukubali kuusimamia. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 kinamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, likiwapo hata jambo moja tu katika orodha yake: anaelekezwa namna ya kufanya kazi, anapangiwa saa, anatumia vifaa vya anayemlipa, anamtegemea kwa riziki, au amemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi 3 iliyopita. Saa 45 ni siku tano au sita za kazi. Dole gumba la kijana yule limo kwenye daftari karibu kila wiki, msimu mzima.

"Basi alikuwa amelewa," mama akasema. "Ulikuwa wakati wa ulanzi, mwanangu, si unajua."

Najua, mimi ni wa huku huku. Nikamuuliza ni nani aliyemwona amelewa. Akasema nyapara. Na nyapara alifanya nini alipomwona hivyo? Hapo hakunijibu. Ni kweli kwamba mahakama inaweza kupunguza fidia ikiona mdai alichangia kuumia kwake. Lakini nyapara anayepanda kizimbani kusema alimwona mtu anayumba, kisha akamwacha mbele ya msumeno usio na kava, huyo atakuwa shahidi wa kijana, hata kama nimemwita mimi.

Simwoni mama yule kuwa mtu mbaya. Biashara hii alifundishwa na wazee waliozoea sheria ya zamani ya enzi za ukoloni, ambayo kiwango chake cha juu cha fidia kwa ulemavu wa kudumu kilibaki shilingi 108,000 mpaka ikafutwa. Kwa wazee hao, kumpa mtu nauli na pole ulikuwa ukarimu. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 ilibadilisha hayo, na Mfuko wa Fidia ukaanza kazi 2015, ila habari haikufika kwenye kila uwanja wa magogo. Mwajiri wa sekta binafsi siku hizi anachangia asilimia 0.5 ya mishahara anayolipa. Mwenye watu 10 wanaopata 300,000 kila mmoja kwa mwezi anatoa 15,000. Mfuko hauulizi uzembe ulikuwa wa nani. Unagharimia matibabu, unalipa asilimia 70 ya kipato wakati mtu hawezi kufanya kazi, hadi miezi 24, na ulemavu wa kudumu ukizidi asilimia 30 unamlipa pensheni ya kila mwezi. Ada ya kufungulia jalada aliyonilipa mama ingetosha michango ya zaidi ya mwaka mzima. Hilo liliniuma kuliko lilivyomuuma yeye.

Nikamwonyesha pia mtego ulio ndani ya utetezi wake. Huwezi kumkana kijana kwamba si mfanyakazi wako, kisha ukaiambia mahakama kwamba alipaswa kupeleka dai lake kwenye Mfuko wa wafanyakazi. Ukishamkana, mlango huo umejifungia mwenyewe. Basi tumejisajili, tumeripoti ajali ambayo ilipaswa kuripotiwa ndani ya siku 7, tumeeleza kwa nini tumechelewa, na kijana amepeleka dai lake kabla miezi 12 haijaisha.

Wakili mwenzangu ananiambia nimesalimu amri. Sikubali. Hati ile ya madai ilikuwa na risiti zisizolingana na tarehe za matibabu, na kipato alichotaja kijana ni mara mbili ya kilichomo daftarini. Hayo ninayapinga kwa nguvu zangu zote, na hakimu atanisikiliza kwa sababu daftari ninalomwonyesha ni lile lile linalokiri kwamba kijana alikuwa wetu. Ningeanza kwa kumkana, nani angeliamini daftari hilo kwenye suala la kipato? Kumtetea mwajiri, kwangu mimi, ni kumwondolea uongo kabla haujaandikwa kwenye majibu ya madai.

Kinachonitisha zaidi ni jalada linalofuata. Ni la dingdong, zile mashine za kuhamahama zinazochana mbao shambani. Mwenye magogo alikodi mashine, mwenye mashine akamtuma fundi, fundi akaja na genge lake na kuligawia hela mwenyewe jioni. Mmoja wa vijana hao amevunjika mguu. Mwenye magogo, ambaye ndiye mteja wangu, anasema hajui hata jina lake. Mwenye mashine anasema yeye alikodisha chuma tu. Safari hii daftari halipo kabisa, na mwenye kujua nani alimwamuru nani siku ile ni fundi peke yake. Kesho naenda Mafinga kumtafuta kabla hajahamia shamba jingine.